Krapf Hakuwa Tintin

Mwezi wa Agosti mwaka 1851, karibu na mto Tana, Mzungu mmoja anatembea porini peke yake. Anaitwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetoka Rabai, kule nyuma ya Mombasa. Msafara aliokuwemo umevamiwa na wanyang'anyi. Mwenye msafara, Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ameuawa, na waliobaki wametawanyika. Krapf hana chakula, hana wa kumwonyesha njia, na kiu imemkaba koo. Anapoufikia mto anakunywa mpaka basi, halafu anashtuka: hana chombo cha kubebea maji. Basi anajaza mkoba wa ngozi wa darubini yake, kisha anamimina maji ndani ya mitutu ya bunduki na kuiziba kwa nyasi.

Tulia hapo kidogo. Bunduki iliyojaa maji haifyatuki. Mtu huyu ameamua kwamba kiu ni adui mkubwa kuliko simba. Ukimpa mchoraji mzuri kisa hicho atakutolea ukurasa mzima usio na neno hata moja: mkono, mtutu, nyasi, jua.

Na kisa hakiishii mtoni. Krapf akarudi Kitui, na jamaa za Kivoi wakamuuliza swali ambalo familia yoyote ingeuliza: mbona wewe umerudi na mtu wetu hajarudi? Mambo yakawa mazito hadi akaona roho yake iko hatarini, akatoroka usiku kuelekea Yatta. Haya yote aliyaandika mwenyewe katika kitabu cha safari zake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860.

Mimi ni mraibu wa komiki za Ulaya, zile za albamu, na makala haya ni ya kukupendekezea baadhi yake. Lakini siwezi kuzipendekeza bila Kivoi kuwepo chumbani, kwa sababu kila nikifungua albamu ya safari na mapori macho yangu huenda kwanza kwa wale wanaobeba mizigo. Nani anatembea mbele? Nani ana jina?

Kwanza tuelewane kuhusu mtindo wenyewe. Ukisikia komiki, wengi wetu tunawaza Marvel ama manga. Wafaransa na Wabelgiji wana kitu chao wanachokiita bande dessinée, kwa kifupi BD: kitabu kikubwa chembamba, mara nyingi chenye jalada gumu na kurasa 48 ama 62, rangi tele, na kisa kinachoweza kusomwa peke yake hata kama kimo ndani ya mfululizo mrefu. Mchoraji huwa na subira. Anachora paa la nyumba kigae kwa kigae, gari kwa modeli yake halisi, soko na kila kikapu kilichomo. Ni komiki ya mtu anayependa kutazama. Ndiyo maana inafaa sana kwa historia, na ndiyo maana inapodanganya, hudanganya kwa ushawishi mkubwa.

Mfano wa uongo huo unajulikana. Mwaka 1930 kijana wa Brussels aliyejiita Hergé, mwenye umri wa miaka 23, alianza kuchora Tintin akiwa Kongo. Kilikuwa kisa cha kila wiki katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki lililoupenda ukoloni. Hergé hakuwa amekanyaga Kongo. Alichora kutokana na alichokuwa akisikia na kuona Ubelgiji, na matokeo yake unayaona: Waafrika wenye midomo kama donati, wanaongea kama watoto, wanamwinamia kijana wa Kizungu aliyefika juzi tu. Tintin anaua swala wengi ajabu. Katika toleo la kwanza anaingia darasani kuwafundisha watoto wa Kongo kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Hergé alipokichora upya kwa rangi mwaka 1946 somo hilo likageuka kuwa hesabu, lakini midomo ilibaki. Mwaka 2007 Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alipeleka kesi Brussels akitaka kitabu kizuiwe. Mwaka 2012 mahakama zikakataa.

Mimi pia nisingekipiga marufuku. Ningekiweka mezani kando ya daftari la Krapf, maana hapo ndipo uongo wake unaonekana vizuri zaidi.

Hebu fuata njia ya Krapf ya mwaka 1849, safari yake ya kwanza Ukambani. Anaondoka Rabai mwezi wa Novemba, anavuka nyika, anapita Kikumbulyu, yaani huko Kibwezi ambako leo basi la Mombasa linakupitisha ukiwa umelala, eneo la Makueni ya sasa. Anaendelea mpaka Kitui kwa Kivoi. Hafiki kama bwana. Anafika kama mgeni anayehitaji mwenyeji, na mwenyeji mwenyewe ana shughuli zake. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishusha pembe za ndovu Mombasa kabla Wazungu hawajajua bara lina nini. Kivoi alikuwa na watu, alikuwa na bidhaa, alizijua njia, na tusimpake sukari, alikuwa na watumwa pia. Ndiye aliyemweleza Krapf habari za mlima mrefu wenye kitu cheupe juu yake. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf akauona kwa macho yake. Wakamba waliuita Kĩĩnyaa. Krapf akaandika alivyosikia, na jina la nchi yetu likaanzia hapo. Kule London mabingwa wa jiografia wa mezani walimcheka: theluji kwenye ikweta, wapi!

Kwa hiyo hapa Kitui, miaka 80 kabla ya Tintin, ukweli ulikuwa kinyume cha kitabu. Mwafrika ndiye aliyekuwa na msafara, ramani kichwani, na uamuzi wa lini waondoke. Mzungu alikuwa yule mtu wa pembeni mwenye vituko. Hergé angeweza kuipata hadithi hiyo maktabani. Hakuitafuta.

Nikuambie kitu cha kumtetea kidogo, lakini. Miaka michache baadaye alikutana Brussels na mwanafunzi Mchina wa sanaa, Zhang Chongren, aliyemwambia waziwazi: ukitaka kuichora China, jifunze kwanza. Matunda yake ni The Blue Lotus, albamu ya mwaka 1936, ambamo maandishi ya Kichina ukutani ni ya kweli na wabaya ni wakubwa wa kigeni. Kama hujawahi kusoma Tintin, anza na hiyo. Kongo isome baadaye, ukishajua kwamba mwandishi huyo huyo alikuwa na uwezo wa kufanya vizuri zaidi. Tofauti yote kati ya vitabu hivyo viwili ni rafiki mmoja aliyekataa kunyamaza.

Asterix simalizi maneno, kila mtu ana mjomba mwenye nakala moja iliyochanika. Ila angalia tarehe. René Goscinny na Albert Uderzo walimtoa katika toleo la kwanza la jarida la Pilote, tarehe 29 Oktoba 1959. Kijiji kidogo kinakataa kutawaliwa na dola kubwa, na watoto wa Ufaransa wanashangilia. Wakati huo huo jeshi la Ufaransa liko Algeria likipigana na watu wanaokataa kutawaliwa, na hapa Kenya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 bado haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Sijui kama Goscinny aliliwaza hilo, na kwa kweli si hoja. Hoja ni kwamba ukiisoma Asterix ukiwa umekulia mahali ambapo babu alikuwa na kipande shingoni, unajua mara moja wewe ni nani katika hadithi ile. Huwezi kuwa Mrumi. Kasoro yake ni yule mharamia mweusi wa juu ya mlingoti, ambaye midomo yake imetoka moja kwa moja shule ya Hergé ya 1930.

Je, sisi tulijibu? Tulijibu mapema kuliko vijana wengi wa leo wanavyodhani. Edward Gitau alikuwa na Juha Kalulu wake magazetini kwa miongo mingi, na kuna wazee Mwingi na Wote ambao Taifa Leo waliifungua kuanzia kwa Juha. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya, wakaanzisha jarida la Joe, lililocheka maisha ya mtu wa kawaida wa Nairobi. Baadaye, miaka ya 1980, Hirst akaja na Pichadithi, mfululizo uliochukua hadithi za kale, mathalan ya Lwanda Magere, na kuzipa umbo la komiki. Halafu mwaka 1996 Sasa Sema Publications wakatoa Abunuwasi ya Gado kwa Kiswahili, na nyingine zikafuata, kama Macho ya Mji ya Ruth Wairimu Karani. Ukikuta yoyote kati ya hizo kwenye duka la inama, lile la vitabu chini kando ya barabara, usibishane bei. Nunua.

Lakini jibu ninalolipenda kuliko yote lilitoka kwa Frank Odoi. Alizaliwa Ghana, akaja Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 na hakuondoka tena. Wengi wanamkumbuka kwa Akokhan, kisa cha nguvu za kiajabu kilichotoka magazetini hapa na baadaye kikachapishwa kama kitabu huko Finland. Mimi namkumbuka kwa Golgoti. Hiki ni kisa cha Wazungu wa kwanza kufika Afrika, ila kamera, tuseme, iko upande wetu: Mzungu ndiye kiumbe wa ajabu, ndiye wa kutazamwa na kuchekwa. Odoi hakuandika insha dhidi ya Tintin. Alichukua mstari ule ule wa kuchekesha akaugeuza uso. Alifariki katika ajali ya matatu Nairobi, Aprili 2012, na bado naona tunamzungumzia kidogo mno.

Sasa vita. Kuna albamu mbili za Ulaya ambazo mtu wa Afrika Mashariki anapaswa kuzisoma pamoja, maana zinaingia katika vita moja kutoka pande mbili tofauti.

Ya kwanza ni ya Hugo Pratt, Mwitaliano. Pratt alifikishwa Ethiopia akiwa mtoto mwaka 1937, baba yake akiwa katika utawala wa kikoloni wa Mussolini, na Afrika haikumtoka tena. Shujaa wake ni Corto Maltese, baharia asiye na bendera. Katika albamu inayoitwa kwa Kiingereza The Ethiopian anashuka kutoka Bahari ya Shamu mpaka huku kwetu, na kisa cha mwisho kinatua Rufiji, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vinaendelea. Kuna Cush, mpiganaji Mwislamu wa kabila la Beni Amer, ambaye hamwogopi Corto wala hamhitaji sana. Anajibu, anakataa, anaondoka akitaka. Pratt huchora nyika kwa wino mweusi na nafasi tupu tu, na ukishaishi Kitui msimu wa kiangazi unajua hajakosea: mchana wa huko ni hivyo, kivuli kimoja na mwanga.

Ya pili ni Madame Livingstone, ya mwaka 2014. Mchoraji ni Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Mwandishi ni Mfaransa Christophe Cassiau-Haurie. Tuko Ziwa Tanganyika. Afisa Mbelgiji, rubani, ametumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anapewa mwongozaji chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai kwamba ni damu ya Livingstone yule mvumbuzi. Watu wanamkejeli kwa jina hilo la kike. Taratibu unagundua kwamba rubani ndiye anayeongozwa, si njiani tu. Rangi za Baruti, we acha: ziwa lina kijani ambacho hukioni kwenye komiki ya mtu aliyelisoma ziwa kwenye ramani. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 2021. Na meli yenyewe ni ya kweli. Wajerumani waliizamisha wenyewe Kigoma, Julai 1916, Waingereza wakaiibua, na ikaendelea kubeba abiria na magunia kwa jina la Liemba.

Hapo katikati, kati ya Rufiji ya Pratt na ziwa la Baruti, kuna watu ambao wakati wote ule walikuwa wakitembea na mizigo kichwani. Ukambani kulitoa vijana wengi kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ambacho jina lake tunalitamka kila siku bila kufikiri: Kariokor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Corto hakuwa mpagazi. Rubani wa Baruti hakuwa mpagazi. Komiki ninayoingoja inaanzia hapo: kijana wa Mutomo ama Nzaui amesajiliwa, amepewa namba na blanketi, na anatembea kuelekea kusini akiwa hajui anapelekwa vita vya nani. Mtindo wa albamu ungeifaa sana. Kurasa 62 zinatosha. Kila kitu cha kuchora kipo: kamba, sanduku la risasi, bakuli la unga, miguu.

Ukitaka kupumua baada ya hapo, soma Aya ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie. Ilianza mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikatuzwa Angoulême, tamasha kubwa la komiki la Ufaransa. Ni Abidjan ya mwishoni mwa miaka ya 1970: wasichana, disko, mimba isiyo na baba anayekubali, mama anayejua kila kitu. Hakuna msafara, hakuna simba, hakuna Mzungu wa kumwongoza. Ni majirani tu wakisumbuana. Badilisha ndizi za kukaanga kwa muthokoi na uko nyumbani.

Haya, za mtandaoni, maana albamu moja mpya ni bei ya kiatu na si kila mtu yuko karibu na maktaba ya Alliance Française ya Nairobi. Kuna The Wormworld Saga ya Mjerumani Daniel Lieske, iliyoanza Krismasi ya mwaka 2010: mvulana anaenda likizo kwa nyanya yake na kuingia dunia nyingine kupitia picha ya kuchorwa. Inashuka chini bila kukata, unavuta kwa kidole. Nzuri kwa macho, ila inakula data.

Stand Still, Stay Silent ya Minna Sundberg, iliyoenda kuanzia mwaka 2013 hadi 2022, ndiyo ninayowasukumia marafiki kwa nguvu. Ugonjwa umemaliza karibu dunia yote, nchi chache za Skandinavia zimesalia, na kikundi cha vijana wasiolipwa vizuri kinatumwa kutafuta vitabu vya zamani katika magofu ya Denmark. Majitu yapo, ya kutisha kweli. Lakini utamu wake uko kwenye lugha. Mmoja anajua Kifini tu, mwingine Kiaislandi, wengine wanapata Kiswidi nusunusu, na Sundberg anaweka bendera ndogo kuonyesha nani anaongea nini. Nusu ya vichekesho na nusu ya huzuni inatoka kwa mtu kusimama katikati akitafsiri. Msomaji wa London huenda akaona hiyo ni mbwembwe. Sisi tunaoongea Kikamba na nyanya, Kiswahili sokoni, Kiingereza ofisini na Sheng kwenye mathree, tunajua hiyo ni Jumatatu ya kawaida.

Na ya mwisho ni Pepper&Carrot ya Mfaransa David Revoy, iliyoanza mwaka 2014. Mchawi mdogo na paka wake, visa vifupi, michoro iliyojaa kama albamu halisi. Kampuni kubwa ya Glénat, ile iliyotoa Madame Livingstone, imeichapisha pia kwenye karatasi. Kusoma ni bure. Lakini Revoy amekwenda mbali zaidi: ameitoa kwa leseni huria, anachora kwa programu ya bure iitwayo Krita, na mafaili yake yote ameyaweka wazi. Maneno yamo kwenye faili lake, michoro iko kwingine. Unafungua, unafuta Kifaransa kwenye kiputo, unaandika chako. Huombi ruhusa; unachotakiwa ni kutaja majina ya waliofanya kazi hiyo.

Kwa hiyo ukiwa Kitui mjini ama Wote na una kompyuta ya kuazima wikendi moja, unaweza kukaa na visa vyake kimoja kimoja na kuvitia Kikamba. Lugha hiyo si ngeni kwa chapa: Krapf alishatoa Injili ya Marko kwa Kikamba huko Tübingen mwaka 1850. Anza na kifupi chenye maneno machache. Msomee mtoto kwa sauti kabla ya kukipandisha mtandaoni, utasikia mahali ambapo paka anaongea kama mhubiri. Na kagua fonti kwanza: nyingi zile za kupendeza za komiki hazina ĩ wala ũ, na bila hizo mbili Kikamba hakisomeki.